Saa ya Babu: Dhahabu au Shaba?

Hebu siku moja fungua lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha nyanya yako. Chini ya stakabadhi za kodi na picha zilizofifia, huenda ukaikuta saa ya mfukoni, ya rangi ya manjano, iliyosimama miaka mingi. Kila mtu nyumbani atakuambia kuwa ni ya dhahabu. Ngoja ifike siku ya kugawa urithi, ndipo utakapowasikia watu wale wale wakisema ni shaba.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Babu alikuwa karani wa reli, na saa yake alikuwa akiitoa mfukoni kwa kitambaa, kama mtu anayeshika yai. Alipofariki, baba na ndugu zake waligawana shamba na ng'ombe. Saa ikabaki mezani. Binamu yangu mmoja, aliyekuwa akisoma Kifaransa chuoni, akaifungua mfuniko wa nyuma, akakuta mfuniko wa pili ndani yake umechorwa maneno: Ancre, 15 Rubis, Cuivre. "Cuivre ni shaba," akasema. Kijana mwingine akaleta sumaku, saa ikavutika kidogo. Kesi ikaisha hapo. Shangazi akaambiwa achukue hiyo saa, iwe ukumbusho wake.

Shangazi hakusema kitu, ila hakuamini. Alikuwa na binti wa kulipiwa karo, basi akaipeleka kwenye duka moja jijini Nairobi. Mwenye duka aliifungua, akasoma neno lile lile, akampa bei: shilingi 500, tena kwa huruma. Jioni hiyo shangazi alinipigia simu. "Jitayarishe, mwanangu. Twende Mombasa. Wanaoijua dhahabu wako kule."

Ukitaka kuifuata njia yetu, panda Madaraka Express kutoka Syokimau. Hiyo ni reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Ile ya babu, iliyotoka Mombasa na kufika Nairobi mwaka 1899, utaiona hapa na pale ukichungulia dirishani. Treni inakuacha Miritini, nje ya mji. Kutoka hapo chukua matatu hadi Mwembe Tayari, halafu tembea kwa miguu mpaka Digo Road, kwenye soko ambalo wenyeji huliita Marikiti. Harufu ya bizari na iliki itakuongoza hata kama umefumba macho. Lipite soko, na utajikuta umeingia Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba hivi kwamba mkokoteni ukija huna budi kujibanza ukutani. Ukiendelea kuteremka utafika Ndia Kuu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Lakini sisi hatukwenda kutazama ngome. (Nakuonya pia usifike huko saa saba mchana. Maduka mengi hufungwa, watu wakaenda kula na kusali, nawe utabaki ukihesabu milango ya nakshi.)

Kwa nini Mombasa? Kwa sababu pwani bi harusi hatoki bila dhahabu. Palipo na harusi pana sonara, na sonara wengi wa hapa ufundi wamerithishana, baba kwa mwana, baadhi yao wakiwa na asili ya Gujarati. Hata uzito hupimwa kwa tola, ambayo ni kama gramu 11.66.

Duka tuliloelekezwa halikuwa na vioo vya kumetameta. Palikuwa na meza ya mbao, bomba la moto, na sinia ya kukingia vumbi la dhahabu, maana hapo hata takataka za sakafuni hazitupwi ovyo. Mzee aliyeketi nyuma ya meza alimkaribisha shangazi kiti kwanza, akauliza habari za safari, kisha ndipo akanyoosha mkono.

"Hii ni shaba," shangazi akasema mapema, kama mtu anayeogopa kuchekwa.

"Nani alowambia, mama?"

"Imeandikwa ndani."

Mzee akabana kioo cha kukuzia jichoni. Alipousoma ule mfuniko wa pili, akacheka polepole. Akatueleza kwamba watengenezaji wa Uswisi mara nyingi waliutengeneza mfuniko wa ndani kwa shaba, kwa kuwa hauonekani wala haushikwi. Tena waliandika wazi kuwa ni shaba, ili mnunuzi asije akadhani amelipia dhahabu mahali isipokuwapo. Neno lile linahusu mfuniko ule tu. Binamu yangu Kifaransa alikijua, ila alikisoma kwenye kipande kisichohusika! Na sumaku? Mzee akagonga mashine kwa ukucha. Kamani ya saa ni ya chuma cha pua, lazima ivutike. Shaba yenyewe haivutwi na sumaku, basi sumaku haikuwaambia lolote.

Ndipo akaigeuza saa na kutazama upande wa ndani wa mfuniko wa nje. "Njoo uone mnyama," akaniambia.

Nilisogeza jicho. Palikuwa na namba 14K, na 0.585, na karibu yake alama ndogo kuliko chembe ya mchele. Nilipoizoea nikaona mkia. Alikuwa kindi. Tangu miaka ya 1880 sheria ya Uswisi ilitaka makasha ya saa za dhahabu yakaguliwe na kupigwa mhuri: kichwa cha mwanamke kwa dhahabu ya karati 18, na kindi kwa ile ya karati 14. Mihuri hiyo ilitumika hadi mwaka 1995, nafasi yake ikachukuliwa na kichwa cha mbwa. Kwa saa za Uingereza utatafuta alama nyingine, kama vile nanga ya mji wa Birmingham. Ila ukikuta kasha limeandikwa kwa Kiingereza kwamba limehakikishwa kudumu miaka 10 au 20, basi hilo ni bamba jembamba la dhahabu juu ya madini mengine. Dhahabu tupu haihitaji kuahidiwa miaka.

Mzee hakutosheka na mhuri, kwani mihuri huigwa. Akatoa jiwe jeusi, akasugua ukingo wa kasha mahali pasipoonekana mpaka likaacha mstari mwembamba. Kando yake akachora mistari mingine kwa sindano za dhahabu za karati zinazojulikana. Akadondosha tindikali. Shangazi alinishika mkono. Shaba ingetokota na kutoweka pale pale. Mstari wetu ulibaki, sawa na ule wa sindano ya karati 14. Siku hizi zipo mashine za miale zinazosoma dhahabu bila kukwaruza, lakini husoma ngozi ya juu tu, na bamba nene linaweza kuzidanganya.

Fundi wa saa, mlango wa tatu kutoka hapo, aliitoa mashine kwa uangalifu ili kasha lipimwe peke yake. Ukiuacha mfuniko wa shaba, lilikuwa gramu 24, yaani tola mbili na kidogo. Dhahabu safi ndani yake ni kama gramu 14. Mzee alitaja bei ya siku hiyo. Sitaiandika hapa, kwa kuwa bei ya dhahabu hubadilika kila siku, ila ingelipa karo ya binti yule na kubaki. Akaongeza jambo moja, na ni hili ninalotaka ulishike kama unayo saa ya namna hiyo: sonara akiinunua ataliyeyusha kasha, na mashine itabaki bila nyumba. Usimwulize bei mtu mmoja tu, tena kamwe usianze kwa yule anayetaka kununua.

Fundi alisafisha mashine, akaweka mafuta, akaitia ufunguo. Ikaanza kutembea. Mlio wake ulikuwa mdogo, na shangazi aliipeleka sikioni akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Tulikaa Ndia Kuu tukinywa kahawa chungu kwa kaimati. Shangazi aliifunga saa kwenye pindo la leso, akafungua, akafunga tena. Ndugu zake walimpa akiwa na shaba. Walikuwa na shamba lao na ng'ombe wao, na wote walitia sahihi mbele ya chifu.

"Mwanangu," akasema, "habari za huyu kindi, nyumbani tutaanza kumwambia nani?"