Sindano tano, majibu mawili

Nimenyamaza wiki kadhaa, naomba radhi. Nilikuwa nahangaika na programu ndogo ya kuiga chembe za sumaku ndani ya maji, jinsi zinavyojipanga zenyewe kwa safu kama fuwele za chumvi. Nikiipa chembe tano, kila mara ilichora pembetano. Nikaamini hilo ndilo jibu.

Jana alasiri mvua ya Kakamega ikaja kama kawaida yake. Stima ikapotea, kompyuta ikazima.

Nikamkumbuka Alfred Mayer, profesa wa Marekani, aliyefanya jaribio kama hili mwaka 1878. Nikakata ndara kuukuu vipande vidogo, nikachomeka sindano nilizozisugua kwa sumaku, ncha za aina moja zote zikiwa juu, nikazielesha kwenye beseni la plastiki. (Karai la chuma lingevuruga mambo.) Juu yake nikashika sumaku ya spika mbovu, upande unaozivuta.

Sindano zinafukuzana, sumaku ya juu inazikusanya. Tatu zikafanya pembetatu, nne mraba. Saba: sita kuzunguka, moja katikati, kama vyumba vya sega la nyuki.

Tano zikafanya pembetano. Nikatabasamu. Mpwa wangu akagonga beseni, zikatulia upya: nne pembeni, moja katikati!

"Anko, nani amekosea, wewe ama maji?"

Mimi. Mayer naye alipata maumbo yote mawili. Programu yangu ilianza na chembe kwenye duara, tena haikuwa na mtikisiko wowote, basi ilinasa kwenye umbo la kwanza ililolikuta. Chembe halisi hazipumziki, zinagongwa na molekuli za maji kila wakati. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walionyesha hivyo kwa chembe za mikromita 4.5 kwenye uso wa maji. Nguvu ya sumaku ikiwa kubwa, zilijipanga kwa pembesita; ikipunguzwa, mtikisiko ulishinda na fuwele ikayeyuka.

Stima iliporudi niliongeza mistari michache tu: mahali pa kuanzia pa kubahatisha, na mtikisiko kidogo. Sasa tano zina majibu mawili.

Jaribuni nyumbani. Lakini hesabuni sindano mkimaliza, mimi bado natafuta moja.