Meza Isiyo na Plasta

Zamani krauni ya pandikizi, yaani kofia ya jino juu ya mzizi bandia, haikutoka maabara ya meno kabla haijakaa juu ya modeli ya plasta. Nta, chuma, kauri, tanuri la nyuzi 900 hivi. Yote hayo yalikuwa maandalizi. Kazi yenyewe ilikuwa kuirekebisha ikae.

Unaweka karatasi ya rangi kati ya krauni na jino la jirani, unakaza skrubu, unafungua, unatazama. Alama yenye duara la rangi na weupe katikati ndiyo inayobana. Unaigusa kwa jiwe la kusagia, kidogo sana, kisha unarudia. Hapo ni pembeni tu, bado juu.

Juu ndipo mwalimu wangu alipokuwa mkali. Alikuwa na ukanda wa metali mwembamba, mikroni 8, anaupitisha kati ya meno ya juu na ya chini. "Meno yakikutana taratibu, kwenye pandikizi uteleze. Yakiumana kwa nguvu, ushikwe." Jino la asili limeshikiliwa na nyuzi laini, ukiliuma linadidimia kidogo. Pandikizi limeungana na mfupa wenyewe, halididimii. Krauni ikiachwa sawa na wenzake, meno yakikazwa itabaki peke yake kubeba mzigo.

Siku hizi picha ya kinywa inaingia kwenye kompyuta, mashine inachonga zirkonia kubwa kuliko inavyotakiwa, nayo ikichomwa kwa nyuzi karibu 1500 inasinyaa kwa takribani moja ya tano. Inakaa vizuri, sina ubishi. Mara nyingi hata modeli haipo. Lakini kijana aliyeichora nikimuuliza kwa nini ameacha nafasi ile juu, ananijibu kwamba ndivyo programu ilivyopangwa, na nasikitika, kwa sababu ni kijana mwenye akili na hajanyimwa chochote ila ile meza ya plasta.

Krauni ikibana sasa, daktari anaisaga kinywani mwa mgonjwa. Isiposuguliwa tena ikalainika, zirkonia ile inalila jino linaloumana nayo. Zamani ingerudi kwetu na alama zake, tukajifunza. Nimeomba kila krauni ya gego ichapishiwe modeli kwa printa, vijana waishike na kuipima kabla haijaondoka. Naambiwa gharama itapanda. Bado naomba.