Ladha ya Tangawizi, Bila Tangawizi

Neno "chai" limebebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Maofisini na mipakani ni hongo ndogo: anayekuambia "niachie ya chai" hana kiu. Vijiweni, na hasa miongoni mwa wanafunzi wangu, chai ni uongo unaosimuliwa kwa ufundi. Mtu akitia chumvi kupita kiasi huambiwa kwamba hiyo ni chai. Maana iliyobaki, ile ya kikombe, ndiyo tusiyoijadili kabisa. Nchi hii imelima chai tangu enzi za Wajerumani pale Amani, nasi tunainywa asubuhi na jioni, lakini ni nadra kumsikia Mtanzania akiionja na kuitolea hukumu. Imekolea au haijakolea, ina sukari au haina, basi.

Mimi nililazimika kuionja kwa makini likizo hii, na sababu haikuwa starehe. Nilikwenda Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, kumjulia hali shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Shangazi ana presha, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza vidonge kila asubuhi. Safari hii nilimkuta ameviacha. Badala yake mezani palikuwa na boksi la kijani aliloliuziwa ndani ya basi, akirudi kutoka Tunduma, na kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi. Mbele ya boksi pameandikwa "chai ya asili". Nyuma pameorodheshwa inayoyatibu: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, maumivu ya viungo, uzazi, nguvu za kiume. Alilipa shilingi elfu kumi na tano.

Kumwambia mzee wa miaka zaidi ya sabini kwamba ametapeliwa si adabu, tena hakusaidii kitu, kwani atalitetea boksi kama anavyojitetea mwenyewe. Nikamwomba jambo jingine. Nilimwambia kwamba nimekuja na chai mbalimbali nilizonunua Tunduma, na kwamba ningependa tuzionje pamoja na zilizomo nyumbani, yeye akiwa hakimu. "Wewe mwanangu umesoma mpaka umechoka," alisema, kisha akaagiza maji yabandikwe jikoni.

Waonjaji wa kazi, wale wa mnada wa Mombasa ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2023, hawanywi chai. Huvuta kijiko kimoja kwa kelele ambayo kwetu ingemletea mtoto kofi, wakaizungusha mdomoni na kuitema. Kipo hata kiwango cha kimataifa cha kuiandaa, ISO 3103 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6. Sisi hatukuwa na mizani. Tulikuwa na kijiko, saa ya simu, na sharti moja nililolisimamia kwa ukali, yaani kila kikombe kionjwe kwanza bila sukari. Binamu yangu alisema hiyo ni adhabu ya hospitali.

Tulianza na majani makavu ya Rungwe, kwa jirani zetu wa Mbeya, mkoa ambao Songwe ilimegwa kutoka kwake mwaka 2016. Ilitoa rangi ya shaba mara moja, ikakausha ulimi na ufizi, ikaacha ukali safi. Sehemu kubwa ya chai yetu husagwa kwa mashine zinazoponda, kuchana na kuviringisha jani, ufundi uliobuniwa Assam miaka ya 1930. Hutoa rangi haraka na kuvumilia maziwa, lakini manukato mengi ya jani hupotea humo. Hata hivyo ni chai isiyojificha. Kikombe cha pili kilikuwa majani yaleyale na kipande cha tangawizi kilichopondwa kinuni. Hapa jambo la kuangaliwa ni wakati: tangawizi halisi haiwahi. Ulimi hupokea chai kwanza, kisha moto huja nyuma yake taratibu, hushuka kooni na kukaa kifuani.

Kikombe cha tatu kilitoka kwenye boksi zuri la dukani, vifuko ishirini vyenye nyuzi, "ladha ya tangawizi na limau". Harufu iliruka kabla maji hayajatulia. Tukaonja. Puani ilikuwapo tangawizi tele. Kooni hapakuwa na kitu. Mtoto wa binamu yangu alisema inanukia kama pipi, na alikuwa sahihi kabisa. Nilivaa miwani nikasoma maandishi madogo ubavuni: chai nyeusi na vionjo. Tangawizi haikutajwa popote isipokuwa kwenye picha na kwenye neno "ladha".

Sisemi kwamba kuitia chai harufu ni dhambi. Wachina hulaza maua ya asumini pamoja na majani ya chai usiku kucha hadi majani yanywe harufu, na Waingereza wana chai yao maarufu iliyotiwa mafuta ya ganda la tunda la jamii ya machungwa. Na boksi lile halikudanganya: liliahidi ladha, likatoa ladha. Tatizo ni masikio yetu, ambayo husikia "ladha ya tangawizi" na kuelewa "yenye tangawizi". Wenzangu mlio serikalini mnaufahamu ufundi huu kuliko mimi. Mmekaa kwenye vikao vyenye ladha ya ushirikishwaji, ambako wananchi waliitwa, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakapewa soda, na uamuzi ukawa umeshafanywa wiki mbili kabla.

Tuliendelea. Rooibos ya Afrika Kusini, ambayo si chai hata kidogo bali ni kichaka cha milima ya Cederberg, ilitoka nyekundu, laini, yenye utamu wa mbali kama wa kuni mbichi. Shangazi aliipenda, akauliza kama inaota kwetu. Haioti, na wenyewe wanalilinda jina lake kwa bidii hadi Umoja wa Ulaya ukalisajili mwaka 2021 kuwa mali ya eneo lile. Kisha tukanywa mchaichai uliokatwa uani, kando ya bafu, dakika tano kabla. Sina namna ya kuusifu mchaichai mbichi bila kuonekana nimelipwa. Una limau bila uchachu, una utamu usiodai sukari. Rosela kavu, ambayo wengine huiita choya, ilifuata na rangi yake ya damu ya mzee na uchachu unaokunja uso.

Mwisho tukamimina lile boksi la kijani.

Shangazi alionja, akanyamaza, akaonja tena. Mtu aliyekunywa vikombe sita mfululizo bila sukari huwa na ulimi ulioamka. "Mbona huu ni mchaichai wangu wa pale uani?" aliuliza. Ulikuwa mchaichai, hapana shaka, mkavu na wa siku nyingi, pamoja na tangawizi kidogo. Lakini chini yake palikuwa na uchungu mwingine, mzito, unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Haukuwa mwarobaini, ambao kila mmoja wetu alinyweshwa utotoni, wala mlonge. Tulikuwa watu wazima watano, watatu kati yetu wakulima wanaojua majani kwa majina, na hakuna aliyeutambua. Boksi lilisema tu "mitishamba teule". Huo mchaichai ulinichekesha. Uchungu ule ulinitisha.

Tuangalie sheria inasemaje, maana wasomaji wangu wengi ndio waitekelezao. Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango, TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba. Tiba asili ina sheria yake, Na. 23 ya mwaka 2002, na Baraza lake. Mpangilio huo una mantiki. Lakini bidhaa inayojiita chai upande wa mbele na dawa upande wa nyuma husimama kwenye ufa ulio kati ya nyumba mbili: akija wa chakula inageuza mgongo, akija wa dawa inageuza uso. Katika boksi la shangazi sikuona namba ya usajili ya upande wowote, wala anwani ya mtengenezaji. Naamini kanuni inayofaa ni nyepesi: atakayeandika neno "hutibu" kwenye boksi aulizwe kama muuza dawa, hata kama ndani mna majani ya mchaichai matupu.

Tusikimbilie kuwacheka wanunuzi. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na katika foleni ile ya magari walikuwamo viongozi na wasomi wenye shahada. Watu wanafuata kitu kwenye vikombe hivi, na nilipomuuliza shangazi alikitaja bila kusita. Kule anakochukulia vidonge, alisema, anapanga foleni tangu alfajiri na kuonwa kwa dakika mbili na mtu asiyeinua macho. Yule kijana wa kwenye basi alimwamkia, akakaa karibu naye, akamuuliza analalaje, anakula nini, watoto wako wapi. "Alinisikiliza mpaka tukafika," alisema. Huduma ile ilikuwa na thamani ya elfu kumi na tano, na mimi mpwa wake sikuwa nimeitoa kwa miezi saba.

Jirani ambaye ni muuguzi alikuja jioni na kipimo chake. Namba ya juu ilisoma 178. Nilimweleza shangazi kuhusu utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010: watu 65 wenye presha ya kiasi, wasiotumia dawa, nusu yao wakinywa vikombe 3 vya rosela kwa siku kwa wiki 6. Namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7.2, na kwa waliopewa kinywaji cha kufanania ilishuka kwa 1.3. Kwa hiyo rosela si porojo. Shangazi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini ameuza mahindi maisha yake yote. Alitoa saba katika 178 kichwani, akasema, "Bado nitakuwa kwenye mia na sabini na moja," akamtuma mjukuu alete mfuko wa vidonge uliokuwa juu ya kabati. Muuguzi alimwambia arudi kwa tabibu wake wiki hiyohiyo, na amweleze kuhusu rosela na boksi pia.

Jumapili alinipigia simu. Amepimwa 152. Rosela anainywa jioni, na amenikatia vipando vya mchaichai vinavyonisubiri kwenye kopo la maji. Kuhusu yule kijana, alinipa maagizo: "Ukimkuta kwenye basi usimtukane, ana adabu yule. Mwulize tu ule uchungu ameutoa wapi."