Mlo wa Mjusi Mwenye Ndevu

Kulisha ni tendo la huruma, na huruma ni sifa njema. Walakini huruma isiyokuwa na maarifa yaweza kufanya kazi ile ile ifanywayo na uadui. Adui hutia sumu katika chakula akijua kuwa ni sumu. Rafiki asiyejua huitia akidhani kuwa ni tunu. Nia zao ziko mbalimbali sana, lakini tumbo halipimi nia. Jambo hili huonekana wazi katika malezi ya mnyama mdogo anayependwa mno katika nyumba za Ulaya na Marekani, naye ni mjusi mwenye ndevu.

Mjusi huyu, ambaye wataalamu humwita Pogona vitticeps, asili yake ni nchi kavu za ndani ya Australia. Alielezwa kwa mara ya kwanza katika elimu ya viumbe mwaka 1926. Aliyekomaa hufikia kiasi cha sentimita 50 toka pua hata ncha ya mkia. Chini ya kidevu ana ngozi yenye miiba. Akiogopa au akighadhibika huifutua na kuigeuza nyeusi, ikafanana na ndevu za mzee. Australia hairuhusu wanyama wake wa asili kuuzwa nchi za nje wakiwa hai kwa biashara, kwa hiyo wale wanaofugwa ng'ambo ni wazao wa vizazi vingi vilivyozaliwa kifungoni. Wamezoea watu hata hutulia begani mwa mtoto. Lakini upole wa tabia haukubadili tumbo. Mjusi amehama jangwani. Tumbo lake halikuhama.

Huko kwao hula wadudu, majani na maua, na kila akitembea huchagua. Wazazi wa wazazi wake walikutana na mimea na wadudu wa nchi ile kwa muda usiohesabika, na yule asiyejua kukikataa kibaya hakuacha uzao. Ndani ya sanduku la kioo hapana kutembea wala kuchagua. Shamba lake lote ni mkono wa mfugaji. Kinachotoka katika mkono huo ndicho riziki, na maadamu mjusi amejifunza kuuamini, hukipokea bila ya shaka.

Msiba mkubwa wa imani hiyo ni kimulimuli. Jioni za kiangazi katika sehemu nyingi za Marekani, vimulimuli wa jamii ya Photinus huwaka na kuzimika juu ya majani, na watoto huwakimbiza na kuwakamata. Hapana jambo jepesi zaidi kwa mtoto kuliko kumpelekea mjusi wake mdudu mzuri namna hiyo. Lakini mwilini mwa mdudu huyo mna sumu iitwayo lusibufajini, iliyo ndugu wa sumu ya chura, na kazi yake ni kuushambulia moyo. Mwaka 1999 wataalamu, akiwamo Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, walitangaza habari za mijusi wenye ndevu waliokufa baada ya kula vimulimuli. Mjusi hutikisa kichwa, huachama kinywa, rangi yake hugeuka nyeusi, na kifo hufuata upesi. Mdudu mmoja aweza kutosha. Mijusi wa Amerika waliojaribiwa kupewa vimulimuli huwakataa, kwa sababu adui huyo ni wa nchi yao. Mgeni wa Australia hana habari naye. Nuru ile ambayo kwa mwenyeji ni onyo, kwa mgeni ni mwaliko.

Baada ya kimulimuli lafuata parachichi. Tunda hili ni chakula cha afya kwa mwanadamu, na yamkini ndiyo sababu ya mfugaji kutolidhania ubaya. Lakini lina kitu kiitwacho persini, ambacho mwanadamu hukila asidhurike, nacho huua ndege wa kufugwa na kuwadhuru mbuzi na sungura. Kwa hiyo waganga wa wanyama hukataza mjusi asionjeshwe. Vitunguu na vitunguu saumu pia vimo katika orodha ya makatazo. Kosa la mfugaji hapa si uchoyo. Ni kudhani kuwa mwili wake mwenyewe ni mizani ya miili yote.

Sumu ya namna hii huja mbio, na ijapo mbio huogopwa. Iko hatari nyingine itembeayo polepole, nayo huchukua wengi zaidi. Spinachi ni jani zuri, la kijani kibichi, lisifiwalo katika kila kitabu cha mapishi. Walakini lina oksaleti kwa wingi, na oksaleti huikamata kalsiamu ya chakula isipate kuingia mwilini. Mjusi aliyelishwa spinachi kila siku hushiba na huku mifupa yake ina njaa. Akikosa pia miale ya urujuanimno, ambayo kwayo mwili wake hutengeneza vitamini D, maradhi ya mifupa huanza: taya hulainika, miguu hupinda, viungo hutetemeka, na mwisho mfupa huvunjika kwa sababu ndogo. Hapakuwa na siku hata moja ambayo mfugaji angeweza kusema kuwa leo nimemdhuru. Kila siku alimpa sahani iliyojaa, na kila siku sahani ilirudi tupu.

Makosa mengine ni mepesi kuelezwa. Saladi nyeupe yenye maji mengi hujaza tumbo bila ya kuujenga mwili, tena huharisha. Maziwa si chakula cha mjusi. Mdudu aliyeokotwa bustanini huenda amepitiwa na dawa ya kuulia wadudu, au amebeba minyoo. Mdudu mkubwa mno huziba matumbo. Kwa hiyo wafugaji hufuata kipimo chepesi, kwamba mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mabuu yenye mafuta hupendwa na mjusi kama mtoto apendavyo halua, na yafaa yatolewe kwa kadiri hiyo hiyo ya halua.

Kinachofaa si haba wala si ghali. Mjusi mchanga huhitaji wadudu zaidi, nyenje waliofugwa kwa kazi hiyo na kunyunyiziwa unga wa kalsiamu. Aliyekomaa huhitaji majani zaidi, kama sukuma wiki, pamoja na boga kidogo. Kalsiamu katika mlo sharti izidi fosforasi, na mara mbili ndicho kipimo kinachosifiwa. Mambo haya yote yaweza kujulikana kwa kuuliza siku moja. Kuuliza si ujinga, lakini watu wengi huuliza namna ya kumfurahisha mnyama kabla ya kuuliza namna ya kutomwua, na majuto ni mjukuu.

Mwenye kumweka kiumbe kifungoni amemnyang'anya uwezo wa kukataa. Deni la kitendo hicho hulipwa kwa mfugaji kukataa kwa niaba yake. Ni malipo yasiyo na shukrani, maana mjusi huona kile alichopewa, hakioni kile alichonyimwa. Mtoto aliyesimama jioni mbele ya sanduku la kioo, kimulimuli akiwaka kati ya vidole vyake, na mjusi akimkodolea macho kwa tamaa, akifungua dirisha na kumwacha mdudu aruke, amefanya wema mkubwa kuliko wote aliopata kumfanyia mnyama wake. Mjusi ataendelea kulitazama dirisha kitambo, kisha atalala akidhani kuwa amedhulumiwa.