Jiwe la Kilo Tano

Mama aliliokota mtoni, jiwe la kijivu lililolainishwa na maji, akalibeba kichwani hadi gulioni Nyandira kwa mnunuzi mmoja wa viazi aliyekuwa na mizani ya kuaminika. Likazidi. Akaazima nyundo kwa fundi, akalimegua ncha, akalirudisha. Likazidi tena. Siku hiyo kabichi zake aliziuza jioni, wenzake wamekwisha kurudi makwao, kwa sababu mchana kutwa alikuwa kiguu na njia kati ya fundi na mizani mpaka mshale uliposimama kwenye kilo 5. Kuanzia hapo, kila siku ya kupima watoto, wa kwanza kupanda mizanini alikuwa jiwe. Alilifunga kwenye kitambaa, akalining'iniza, akainama kusoma. Mshale usipogota kwenye 5, alikaza au kulegeza skrubu ya juu kwa ncha ya kisu. “Mizani ikisema uongo,” alikuwa akiniambia, “tutamchekea mgonjwa na kumlilia mzima.”

Mizani ilifungwa kwenye tawi la mparachichi karibu na ofisi ya kijiji. Ni ile ya duara, yenye uso kama wa saa, na kwenye ndoano yake kinaning'inia kikaptula cha turubai chenye matundu mawili ya miguu. Mgeta kwetu, katika milima ya Uluguru, ni juu. Juni na Julai ukungu hushuka mpaka kizingitini, na kikaptula kile kiliamka kikiwa baridi kama chuma. Mtoto akivalishwa analia, anarusha miguu, mshale unacheza, na namba inayoandikwa kwenye kadi ni ya kukisia. Mama alikuwa anakiweka kwapani, ndani ya kanga, huku akisalimiana na wazazi na kuulizana nao habari za shamba. Kikishapata joto lake ndipo anamvalisha mtoto. Mtoto anatulia, mshale unatulia. Nimefanya kazi na watu waliosoma sana, na nimewaheshimu, lakini sijakutana na mwingine aliyeliwaza hilo.

Mimi nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka 38. Nilipostaafu mwaka 2023 nilitakiwa kupeleka barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa daraja na za uhamisho, zote kwa tarehe. Barua moja ya uhamisho ilikuwa imepotea, na kwa ajili ya karatasi hiyo nilipanda na kushuka ngazi za ofisi moja kwa miezi minne. Katika benchi la kusubiria, bahasha mapajani, ndipo nilipomfikiria Mama. Alianza kazi mwaka 1973, akaacha magoti yalipokataa kupanda mlima, mwaka 2009. Miaka 36. Hana barua hata moja. Hakuna ofisi inayojua kwamba alikuwepo. Haya ninayoyaandika ni faili lake.

Watu walisema anajitolea. Alilikataa neno hilo. Kujitolea, alisema, ni kwa mtu aliyekuja na cha ziada akakigawa, kisha akaondoka. Yeye hakuja, alikuwa kwao. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hushikwa kwa upande huo. Shamba alilolima Mama lilikuwa la mama zake, na watoto aliowapima walikuwa wengi wao watoto wa dada zake na wajukuu wa bibi zake, kwa hesabu zetu ndefu za ukoo. “Nafanya kazi,” ndivyo alivyosema akiulizwa. Basi.

Alikuwa na miaka kama 15 mwaka 1955, wakati serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wasiochimba walitozwa faini. Upande wa mashariki, Matombo, watu walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango wenyewe ukavunjika. Ajabu yake ni kwamba Mgeta ngazi zilikuwepo na zipo mpaka leo, watu wamezichonga wenyewe mabondeni wanakolima mboga. Mama alilipata humo somo lake lote la uongozi. Mtu wa mlimani ukimwamrisha, alisema, atakuitikia ndiyo, kisha ataenda kulala.

Kwa hiyo ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, hakumwambia mtu achimbe choo. Watu takriban milioni 2 nchi nzima waliketi vikundi vikundi kuisikiliza redioni, kitabu mkononi, kisha wakajadiliana. Kikundi cha kwetu kilikaa uani kwa mjomba, mwenye redio ya betri. Mama alikuwa ametoka kujifunza kusoma kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, yale yaliyoshika kasi tangu Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo, na alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, wakati mwingine akiwa nyuma ya mtangazaji kwa ukurasa mzima. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona haya kwa niaba yake. Wiki iliyofuata alianza kuchimba choo chake peke yake, kando ya njia ya kwenda kisimani, pale ambapo kila mwanamke wa kitongoji lazima apite. Hakumwita mtu kuangalia. Walipouliza aliwajibu, wasipouliza aliendelea. Kabla ya mavuno kitongoji kilikuwa na vyoo kumi na moja.

Mizani ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpango wa lishe ulioanza katika vijiji 168 vya Iringa, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulikuwa umeonyesha kwamba wanakijiji wakipima watoto wao wenyewe na kuyajadili majibu wenyewe, utapiamlo mkali unapungua. Mikoa mingine ikafuata, Morogoro ikiwemo. Kijiji kikachagua watu wawili. Mwenzake, mwanamume, aliacha baada ya mwaka, na simlaumu. Posho iliyoahidiwa ilitolewa mara mbili tu, na alikuwa na watoto sita.

Kadi ilikuwa na rangi tatu: kijani, kijivu, nyekundu. Mgeta kuna chakula. Kabichi, viazi, maharage na njegere vinashuka kwa malori kwenda Morogoro na Dar es Salaam, kama maji ya mito yetu yanavyoshuka kuingia Ruvu na kunywewa huko huko. Watu wa mjini wakisikia kwamba mtoto wa Mgeta anaweza kuwa kwenye nyekundu hawaamini. Lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake. Uji mwepesi unalijaza maji, uji mzito haumezeki, na mama yake yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto anashiba bila kula.

Dawa ilikuwa kimea. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wakiuhimiza unga wa kimea miaka hiyo, na Mama alipousikia kwenye mafunzo alicheka kwa furaha, kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua kuotesha ulezi. Bila kimea hakuna togwa na hakuna pombe. Niliwahi kumwona akiwaonyesha. Alipika uji mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Akaipua. Akangoja. Wanawake wakaanza kunong'ona, yeye akangoja tu, akichovya kidole na kukitoa, kwa maana uji ukiwa wa moto mno kimea kinakufa na hakifanyi kitu. Kidole kilipovumilia, akanyunyiza kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Mwiko ukaanza kuinama. Ukaegemea ukingo. Uji ukalegea ukawa wa kunyweka, na hapakuongezwa tone la maji. “Chakula ni kile kile,” akasema, “kimekubali tu kupita.” Bibi mmoja mzee akauliza kama mtoto hatalewa. Mama hakumcheka. Alimwonjesha kwanza yeye, akamweleza kwamba pombe inahitaji siku, na huu unaliwa sasa hivi. Na miaka hiyo hiyo wakaja mbuzi wa maziwa kutoka Norwei, kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Mama alikuwa anakwenda kwa wenye mbuzi kuwaombea kikombe kimoja watoto wa nyekundu, kwa majina.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 1991 nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Saa tisa wakaleta mwanamke wa milimani kwa machela, amekuwa na uchungu tangu juzi yake. Nilikuwa peke yangu na wazazi saba, nimechoka, nikawafokea waliomleta: mlikuwa wapi siku zote hizi, mnasubiri mpaka mtoto achoke ndiyo mnakumbuka hospitali? Hakuna aliyejibu. Nilipoinua macho nikamwona Mama nyuma yao, matope hadi magotini, ameshika kibatari kilichozimika. Mzazi tulimwokoa. Mtoto hatukumwahi.

Mama hakunisema mbele ya watu. Asubuhi nilipotoka zamu nilimkuta kwangu ameketi kwenye ngazi, anaosha miguu kwenye beseni. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, “Mwanangu, toka kule kwao mpaka barabarani, tumevuka maji mara ngapi?”

“Sijui, Mama.”

“Ungeanza na hilo.”

Likizo yangu iliyofuata alinipeleka. Alichukua machela tupu, mianzi miwili na gunia, tukaibeba yeye mbele na mimi nyuma, kuanzia nyumba ya yule mwanamke, nyuma ya mgongo wa mlima, mpaka gari linapofika. Njia inateremka kama ngazi iliyovunjika. Penye maji wabebaji huinua machela mabegani na kuhisi mawe kwa nyayo. Mara saba. Tulitumia saa sita nzima, mchana wa jua, machela haina mtu, hakuna anayelia. Nilipofika chini mikono ilikuwa inatetemeka.

Toka siku hiyo, kwa miaka 32 iliyobaki ya kazi yangu, swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa kutoka juu lilikuwa, “Mmepita njia ipi?” Jibu lake lilinipa mengi: saa alizokaa njiani, damu aliyopoteza, kama amekula, nani amebaki na watoto. Na lilimpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kuvuliwa nguo na wageni. Wauguzi vijana niliowafundisha nimewaachia swali hilo. Chuoni hawakunifundisha.

Miaka ya UKIMWI nitaipita haraka, kwa sababu Mama mwenyewe hakupenda kuisimulia. Aliogesha watu ambao ndugu zao waliwawekea sahani mlangoni. Aliwaogesha bila kuharakisha, akiwaita kwa vyeo vyao vya ukoo, mjomba, dada, mwanangu, hata pale walipokuwa hawaitiki tena.

Alifariki mwaka 2014, usingizini, akazikwa katika shamba la mama zake. Mizani ilikwisha kupelekwa zahanati. Jiwe lilibaki jikoni, likishikilia mlango usipigwe na upepo.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wakiwa na mafunzo maalumu na posho ya kila mwezi. Nilipoisoma habari hiyo nililia, na sikuwa na huzuni. Kijiji chetu kikamchagua binti mmoja wa kitongoji cha juu, mpole, mwepesi wa kuandika, mwenye simu ya kuingizia taarifa. Mimi nilikuwa nimerudi Mgeta kuishi. Asubuhi moja ya Julai akabisha hodi, shikamoo bibi, akasema ameambiwa na wazee kwamba hapa kuna jiwe.

Nikaufungua mlango wa jikoni, nikalitoa. Akaliosha, akalifunga kwenye ncha ya kanga yake, tukaenda wote mpaka kwenye mparachichi, alikokuwa ametundika mizani ya zahanati. Alipolining'iniza mshale ulitetemeka, ukasimama kwenye kilo 4 na robo tatu.

Akanigeukia. “Bibi, tuamini kipi, mizani au jiwe?”

Nikampa kisu.