Geji Yako Inachota Stima Wapi?



Magari mengi madogo kutoka Japani tunayoendesha hapa Masaku hayana mshale wa joto la injini. Yana taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa tayari inachemka. Ukipanda Mua na abiria na magunia, taa nyekundu inaweza kukujulisha ukiwa umeshachelewa. Ndiyo maana madereva hununua geji ya joto na kuibandika kwenye dashibodi.

Kubandika ni rahisi. Swali la fundi ni hili: itachota stima wapi? Nimelitafakari wiki hii, kwa sababu dhamiri yako, mpendwa, nayo ni geji.

Kuna anayeiunga kwa betri moja kwa moja. Itawaka, naam, lakini haizimi hata ukitoa ufunguo. Liache gari siku kadhaa, na asubuhi moja stata haivuti. Wako wapendwa walioungwa hivyo. Dhambi waliyoitubu miaka kumi iliyopita bado inawashtaki saa nane usiku. Wanafika ibadani hawana nguvu hata ya kuimba. Mpendwa, hiyo si sauti ya Roho Mtakatifu. Soma Warumi 8:1 leo, uisome kwa sauti.

Kuna anayeiunga kwa waya wa redio. Redio huamka ufunguo ukifika ACC, injini ikiwa bado imelala, na katika magari mengi stima yake hukatika stata inapovuta. Kwa geji ni sekunde chache tu. Kwa moyo ni hatari. Wimbo ukipigwa, unalia machozi. Ikifika saa ya kumsamehe mumeo, au ya kurudisha pesa za chama, dhamiri inazima.

Fundi mzuri hutafuta fyuzi inayoamka ufunguo ukifika ON, ikabaki hai stata ikivuta na injini ikinguruma, kisha ikalala ufunguo ukitoka. Haamini rangi ya waya. Anachukua taa ya kupimia na kuigusa fyuzi katika kila hatua ya ufunguo. Hagusi fyuzi za mifuko ya hewa ya usalama wala za kompyuta ya injini. Na geji anaiwekea fyuzi yake ndogo.

Paulo naye aliwataka Wakorintho wajichunguze (2 Wakorintho 13:5). Basi jipime katika kila hatua: ukiwa kanisani, ukiwa kazini, ukiwa na simu yako gizani, ukiwa umekasirika. Ikiwa geji yako inasoma Jumapili pekee, umeungwa kwa redio. Omba Roho Mtakatifu akuunge upya.

Usisahau waya mweusi, ule unaofungwa kwenye bodi. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, geji itasoma uongo hata kama stima ni safi. Lazima pakwanguliwe mpaka chuma kionekane. Je, una mtu mmoja unayeweza kumwambia hali yako bila kuipaka rangi? Mtafute wiki hii.

Na jambo la mwisho: geji haipozi injini. Mshale ukipanda, ni wewe utakayesimama kando ya barabara na kuzima. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, utaungua, na aliye karibu nawe ataungua pia. Nyumba ngapi zimeungua kwa neno lililofunguliwa likiwa moto? Leo jioni ukihisi mshale unapanda mbele ya mkeo au watoto, nyamaza kwanza. Toka nje, omba, pumua. Injini iliyopoa inafika nyumbani.

Baba, tupe dhamiri iliyo hai, isiyotushtaki bure wala kutunyamazia. Tuunge kwako, katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema AMINA. Mbarikiwe.