Ukingo, benki na benchi

Jumatatu, 3 Machi
Kijana ninayemfundisha kutafsiri habari kaniletea taarifa ya Mashariki ya Kati. Mstari wa pili: "Benki ya Magharibi". Redioni tumezoea kusikia Ukingo wa Magharibi, nikasahihisha. "Mwalimu, lakini neno si ni lile lile, bank?" Ni lile lile, na hiyo ndiyo shida. Wiki hii nitaliandama.

Jumanne, 4 Machi
Ukingo wa mto ndio uliotangulia. Waingereza walilipata neno hilo kwa watu wa Skandinavia, na kufikia miaka ya 1200 hivi lilikwisha kuzoeleka. Benki ya fedha ilikuja baadaye, karne ya 15, kutoka Italia kwa kupitia Ufaransa. Lakini Waitalia nao walikuwa wameliazima kwa makabila ya Kijerumani yaliyohamia kwao, na kwa makabila hayo lilikuwa na maana ya ubao mrefu wa kukalia. Huko nyuma kabisa mzizi ni mmoja: kitu kirefu kilichoinuka. Waingereza walikuwa nalo pia la kwao la tangu zamani, ndilo hili benchi tunalomwekea mchezaji wa akiba. Ukingo, benki na benchi ni ndugu wa tumbo moja, ila kila mmoja kapita njia yake.

Alhamisi, 6 Machi
Foleni ya benki, na swaumu juu. Nimepewa karatasi ya namba, nikakaa kwenye viti vya chuma vilivyoungwa safu moja. Dirishani binti anazipitisha noti kwenye mashine, mara mbili kila bunda. Vioo na mashine ukiviondoa, unabaki na meza na mtu anayehesabu. Ndivyo walivyoanza wavunja fedha wa Florence na Genoa: meza, mizani, daftari, na sarafu za kila mji. Ile meza ndiyo waliyoiita banco. Wagiriki nao hadi leo benki wanaiita trapeza, yaani meza; na katika Injili ya Kigiriki, meza za wavunja fedha zilizopinduliwa hekaluni zinatajwa kwa neno hilo hilo.

Kufilisika Waitalia walikuita bancarotta, meza iliyovunjika. Watu hupenda kuongeza kwamba ilivunjwa kweli, kwa shoka, sokoni. Hapo mimi nasita. Biashara huvunjika bila shoka. Sisi tumechukua la Waarabu: kufilisika na fulusi vina mzizi mmoja.

Jumapili, 9 Machi
Mwaka 1937, katika hospitali ya Cook County, Chicago, daktari Bernard Fantus alianzisha mahali pa kuhifadhi damu, akapaita benki. Hesabu yake ilikuwa ya mhasibu: asiyeweka hatoi. Nasi tukaipokea hivyo hivyo, benki ya damu, bila hata kuuliza. Rubani wa Kiingereza naye huitumia bank ndege inapolala upande ikikata kona. Hiyo ni ya ukoo wa ukingo, maana kingo huinama.

Lililonifurahisha zaidi ni la kwetu. Mchanga uliorundikana baharini Mwingereza anauita bank, mvuvi wa pwani anauita fungu. Fungu Yasini liko pale, kaskazini ya Dar es Salaam. Sokoni nyanya zinauzwa kwa fungu. Bungeni kila wizara ina fungu lake la bajeti. Rundo la mchanga na fedha za serikali zimekaa ndani ya neno moja, wala hapakuhitajika Mwitalia.

Kamusi zetu nyingi, zikifika kwenye benki, huandika tu kwamba asili yake ni Kiingereza, basi. Florence haimo, wala ile meza. Watunga kamusi, tuongezeeni mstari mmoja.